Dozi Inayouzwa Kama Soda

Wiki ya kwanza baada ya mitihani ya UE kumalizika, zahanati ya chuo hujaa watu wanaoumwa vichwa. Wanaingia mmoja mmoja, kiganja kwenye paji la uso, macho mekundu, sauti imekauka, na kila mmoja amekwisha jipima kwa mdomo kabla hajapimwa: "Dokta, nina malaria." Kidole kinatobolewa, kipimo cha haraka kinasubiriwa robo saa, unatokea mstari mmoja tu. Hakuna malaria. Hapo mwanafunzi hukunja uso, kama mtu aliyekwenda dukani kununua kitu akaambiwa kimekwisha.

Mimi si daktari. Ni mfamasia niliyeishia kufundisha, na siku mbili kwa wiki hukaa kwenye dirisha la dawa. Hilo "Dokta" ni heshima ya wanafunzi tu na nimechoka kulisahihisha. Lakini dirisha la dawa lina faida yake. Aliyeambiwa hana ugonjwa huja kwangu kuomba cha kutuliza maumivu, nami nina swali moja ambalo halimo kwenye fomu yoyote: siku za mitihani ulikuwa unakunywa enaji ngapi kwa siku?

Binti mmoja wa mwaka wa tatu, mwanafunzi wa uhasibu, alinijibu kwa vidole. Wiki ya kwanza ya msuli wa kusoma, viwili. Wiki ya pili, vitatu. Usiku wa kuamkia karatasi ya ukaguzi wa mahesabu, vinne. Na sasa? "Sasa nimeacha, Dokta. Si mitihani imeisha?" Ameacha lini? Juzi. Akanyoosha mkono kuomba Panadol Extra, maana ile ya kawaida, alisema, haimsaidii kitu. Hiyo nyingine ndiyo humwondolea kichwa mara moja.

Kabla ya kidonge nilimpa kipeperushi asome. Kidonge kimoja cha Panadol Extra kina miligramu 500 za parasetamoli na miligramu 65 za kafeini. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80. Kilichokuwa kinamtuliza kichwa ni kile kile ambacho kukosekana kwake ndiko kulikomuumiza. Alikuwa anairudia enaji yake kwa kupitia mlango wa duka la dawa.

Mwili uliozoea kafeini kila siku, ukinyimwa ghafla, huanza kudai kati ya saa 12 na 24 baada ya dozi ya mwisho. Madai hayo hupamba moto siku ya kwanza au ya pili, na yanaweza kuendelea hadi siku ya 9. Kichwa kinagonga, mwili mzito, usingizi wa mchana, hasira za bure, akili haishiki jambo, na kwa wengine kichefuchefu na viungo kuuma. Msomee mtu yeyote wa Dar es Salaam dalili hizo, atakwambia ni malaria kabla hujafika nusu.

Binti yule alikuwa ametumia dawa kwa wiki tatu, akapandisha dozi mara mbili bila kuandikiwa na mtu, kisha akaikata siku moja. Hakuna aliyemwambia kuwa ni dawa. Duka lilimuuzia soda. Mama yake, kwenye simu, alimwambia ni sumu. Nadhani maneno yote mawili yalimnyima kitu alichokihitaji, yaani hesabu. Soda haina hesabu, unakunywa ukiwa na kiu. Sumu nayo haina hesabu, huigusi kabisa. Dawa ndiyo yenye hesabu: kiasi gani, saa ngapi, pamoja na nini, na kuiacha kwake kukoje.

Niuondoe uvumi kwanza njiani, maana unasikilizwa kuliko mimi. Kwenye hosteli zetu wapo wanaoamini kabisa kwamba taurini, ile iliyoandikwa kwenye kila kopo, ni shahawa za ng'ombe dume. Jina ndilo lililoiponza: kwa Kilatini taurus ni fahali. Wanasayansi wawili wa Kijerumani, Friedrich Tiedemann na Leopold Gmelin, waliitoa kwenye nyongo ya ng'ombe mwaka 1827, na ya leo hutengenezwa kiwandani bila ng'ombe yeyote kuhusika. Miili yetu wenyewe huitengeneza. Pweza na ngisi wanayo kwa wingi, kwa hiyo kijana anayeikwepa enaji kwa sababu ya taurini, kisha jioni akasimama Forodhani na bakuli la supu ya pweza, anainywa taurini ile ile, tena ya moto.

Uvumi wa nguvu za kiume nao una historia yake, na safari moja ulikuwa kweli. Mwaka 2018 kinywaji kilichoitwa Power Natural High Energy Drink SX, kilichotengenezwa Ndola, Zambia, kilizua malalamiko Uganda: mnywaji alitokwa na jasho jingi na mwili wake ukabaki umesimama kwa saa kadhaa pasipo sababu. Mamlaka ya dawa ya Uganda ilipokipima ikakuta sildenafil, dawa ile iliyomo ndani ya Viagra. Kisa hiki huchekesha darasani, lakini mimi hukitumia kufundishia jambo zito. Watu wale walikuwa wanakunywa dawa halisi, yenye masharti yake kwa wagonjwa wa moyo na wa presha, na hawakujua, kwa sababu ilikuwa tamu na ilikuwa kwenye kopo.

Kafeini imeandikwa kwenye lebo. Hiyo ndiyo tofauti, na ni tofauti kubwa. Ila kuandikwa si kusomwa.

Namna inavyofanya kazi naieleza kwa daladala. Kila saa unayokaa macho, ubongo wako hukusanya kitu kiitwacho adenosini. Ndicho kinacholeta usingizi: kinakwenda kukaa kwenye siti zake kichwani, na siti zikijaa, macho yanafunga. Kafeini ina umbo la kufanana nacho. Basi inafanya kama tunavyofanya wote Mwenge saa kumi na mbili jioni, inarusha begi dirishani na kuwahi siti. Adenosini inabaki kituoni imesimama. Haijaondoka, inaongezeka. Wewe unahisi umeamka, kumbe gari limejaa mabegi na abiria wamefurika nje. Kafeini ikishuka, umati wote unaingia kwa mkupuo.

Ukifanya hivyo kila siku, ubongo huongeza siti. Ndiyo maana kopo moja lililomtosha mtu Jumatatu ya kwanza halimtoshi wiki ya tatu. Na ndiyo maana siku anapoacha, adenosini hukuta siti nyingi kuliko zamani, zote wazi. Mishipa ya damu kichwani inatanuka, na kichwa kinagonga. Dereva wa malori wa Bangkok aliyekunywa Krating Daeng miaka ya 1970 alikuwa na ubongo ule ule. Kinywaji hicho cha Thailand kilikuwa cha vibarua na madereva, na Wajapani walikuwa na chao tangu 1962, Lipovitan D, kikiuzwa kwenye vichupa vidogo vya kahawia vinavyofanana na vya dawa. Nakipenda kichupa kile. Kilikuwa kinasema ukweli kuhusu kilichomo.

Ni Dietrich Mateschitz, Mwaustria aliyekuwa akifanya biashara ya dawa za meno, aliyekwenda Thailand, akaingia ubia na Chaleo Yoovidhya mwenye Krating Daeng, na mwaka 1987 akaleta Red Bull katika soko la Austria. (Kwamba muuza dawa za meno ndiye aliyeuletea ulimwengu kinywaji kitamu na chenye asidi kali namna ile ni jambo ambalo madaktari wa meno hawalisahau.) Wateja aliowatafuta hawakuwa madereva tena. Kampuni iliajiri wanafunzi wenyewe vyuoni kuwa wauzaji kwa wenzao, na kwa hiyo uhusiano wa enaji na chuo kikuu haukuja kwa bahati. Kwetu Azam Energy na Mo Xtra zikaimaliza kazi iliyobaki: kopo la kigeni lilikuwa la mwenye fedha, chupa ya plastiki ni ya kila mtu, kuanzia bodaboda na mlinzi wa usiku hadi mwanafunzi ambaye bumu lake la mkopo limekatika.

Sasa hesabu yenyewe. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa maoni yake mwaka 2015: mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku, na hadi 200 kwa mara moja, bila wasiwasi, mjamzito asizidi 200 kwa siku nzima. Kikombe cha chai ya rangi kina karibu 50, cha kahawa ya kuchuja karibu 90. Monster ya nusu lita ina 160. Kwa hiyo chupa moja haimuui mtu, wala mbili, na anayewatisha wanafunzi kwa vifo anajipunguzia wasikilizaji. Wamekunywa jana na leo wako hai mbele yake.

Shida iko kwenye saa. Nusu ya kafeini hutoka mwilini kwa takriban saa 5. Mtu akinywa Monster mbili saa nne usiku, ana miligramu 320. Saa tisa usiku bado anazo 160, sawa na aliyefungua chupa nzima nyingine wakati anajifunika shuka. Saa mbili asubuhi, karatasi zinapogawiwa, anazo 80. Watafiti wa Marekani waliwapa watu miligramu 400 saa 6 kamili kabla ya kulala, wakachapisha matokeo mwaka 2013: hata kwa umbali huo, usingizi ulipungua kwa zaidi ya saa moja. Saa sita kabla ya saa sita usiku ni saa kumi na mbili jioni, wakati ambao wanafunzi wengi ndiyo kwanza wanakwenda kibandani kununua.

Saa 5 hizo nazo si za kila mtu. Binti anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye mchanganyiko wa homoni mbili huichelewesha kafeini karibu mara mbili, kwa hiyo zile 320 za saa nne usiku zinabaki 160 asubuhi ya mtihani. Mvutaji sigara huimaliza haraka. Na iko dawa moja ambayo dirishani kwangu haikosekani, siprofloksasini. Mwanafunzi akiambiwa ana taifodi au UTI, mara nyingi hutoka na siprofloksasini. Dawa hiyo hukibana kimeng'enya cha ini kinachovunja kafeini. Mtu anakunywa enaji yake ya kawaida, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, hapati usingizi, na anaamini taifodi imempanda kichwani. Nimewaona wakirudi kutaka sindano. Ninachowauliza ni walichokunywa.

Dawa mseto ya malaria ina jambo lake pia, ila hilo linahusu umeme wa moyo, na nitalifikia.

Kabla ya hapo, nizungumze na wale wanaosema, "Sawa Dokta, usingizi nimekosa, lakini nimesoma." Kafeini kweli huamsha. Humfanya mtu aliyechoka asikilize, asikosee kusoma namba, aendelee kukaa kwenye kiti. Nisingependa kudanganya juu ya hilo. Kisichofanyika ni kile kinachotokea usingizini. Mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Jenkins na Dallenbach waliwaweka wanafunzi wawili maabara, wakawakaririsha silabi zisizo na maana, kisha wakawapima baada ya saa 1, 2, 4 na 8, mara wakiwa wamelala, mara wakiwa macho. Waliolala walikumbuka zaidi. Watu wawili ni wachache mno, lakini miaka 100 ya utafiti iliyofuata imekuwa ikirudi pale pale: yaliyosomwa mchana hupangwa kichwani usiku. Anayekesha anaingiza mizigo ghalani bila mpangaji. Waaustralia nao wamekwisha pima: aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, saa 17 zinatimia saa tano usiku, yaani saa moja tu baada ya msuli wa usiku kuanza. Hapo ndipo wahenga wa chuo walipopata ule msemo wa msuli tembo, matokeo sisimizi.

Utafiti mkubwa ninaoufahamu juu ya wanafunzi wa vyuo na enaji ni wa Norway. Ulihusisha zaidi ya wanafunzi 53,000 wenye umri wa miaka 18 hadi 35, na ukachapishwa mwanzoni mwa 2024. Miongoni mwa wanawake waliokunywa kila siku, asilimia 51 walikuwa na tatizo la kukosa usingizi. Miongoni mwa wasiokunywa au wanaokunywa kwa nadra, asilimia 33. Kwa wanaume ilikuwa 37 kwa 22. Walio wa kila siku walilala karibu nusu saa pungufu kila usiku. Mtu makini atauliza: ni enaji iliyofukuza usingizi, au ni aliyekosa usingizi anayeikimbilia enaji? Utafiti wa namna ile hauwezi kujibu, na waandishi wenyewe hawakudai. Kwa uzoefu wa dirishani, ni vyote viwili, vinafukuzana kama mbwa na mkia wake.

Hata hivyo Norway si hosteli ya Mabibo. Mwanafunzi wa Bergen ana chumba chake. Wetu, chumba cha watu wanne kinalaza sita au saba, maana kuna kubebana. Mwenye kitanda anamhifadhi rafiki aliyekosa nafasi, wanalala kichwa kwa miguu. Redio ya huyu, simu ya yule, anayepiga pasi, anayesali. Saa pekee zenye utulivu ni kuanzia saa saba usiku. Mwanafunzi hakeshi kwa ujinga. Anakesha kwa sababu usiku wa manane ndio maktaba yake. Sijaona mabango ya afya yanayolitaja hilo. Yanamwambia alale saa 8, kama vile kitanda ni chake.

Na kuna njaa. Hapa ndipo neno letu la Kiswahili linapotudhuru kuliko lile la Kiingereza. Tunasema vinywaji vya kuongeza nguvu, na mtu ambaye fedha ya Bodi ya Mikopo imemwishia wiki mbili kabla ya awamu nyingine anayachukua maneno hayo kama yalivyo: ananunua nguvu. Mwili haujui nguvu nyingine ila kalori, na kafeini haina hata moja. Katika kopo la Red Bull chenye nguvu ni sukari tu, gramu 27 kwenye mililita 250, ambazo ni kalori kama 110. Chapati moja ya mama ntilie inazishinda zaidi ya mara mbili. Lile kopo lisilo na sukari, wanalonunua mabinti wanaoogopa kunenepa, halina nguvu karibu yoyote, na bado limeandikwa vile vile. Hadi leo sijasikia mtu akilalamika.

Lakini sukari hiyo hiyo, isiyotosha kuwa chakula, inazidi kuwa kinywaji. Nusu lita ya Monster ina gramu 55, vijiko vya chai 13 na ushee. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni karibu gramu 50, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Chupa moja imeipita siku nzima. Ikinywewa tumboni mtupu, asidi inamwagika, kiungulia kinapanda, na mwenye vidonda vya tumbo anajua mwenyewe kinachofuata. Enaji haileti vidonda, nisieleweke vibaya, inavichokoza.

Moyo, basi. Mwaka 2019 Sachin Shah na wenzake wa California walichapisha jaribio la vijana na watu wazima 34 wenye afya njema. Waliwapa karibu lita moja ya enaji inywewe ndani ya saa moja, na siku nyingine kinywaji bandia chenye ladha kama hiyo, wakapima umeme wa moyo. Kuna kipindi baada ya kila pigo ambapo moyo hujipanga upya kabla ya pigo jingine. Kwenye karatasi ya ECG kinaitwa QT. Kwa waliokunywa enaji, kilirefuka kwa milisekunde 6 hadi 7 na ushee kuliko kwa kinywaji bandia, na bado kilikuwa kirefu saa 4 baadaye. Kafeini ya kiasi kile peke yake haikutarajiwa kufanya hivyo, kwa hiyo huenda viungo vingine, au muungano wao, vina mkono.

Milisekunde 7 ni kitu gani? Kwa moyo mzima, pengine si kitu. Lakini hapa nawaomba wasomaji wanitazame kama mfamasia. Dawa mpya inapopelekwa kusajiliwa, wadhibiti huanza kukunja nyuso ongezeko la QT likifika takriban milisekunde 5. Enaji ingeomba kusajiliwa kama dawa, ingerudishwa na maswali. Na wako watu, takriban mmoja kati ya 2,000, waliozaliwa na QT ndefu bila kujua. Mwanafunzi wetu wa kawaida hajawahi kupimwa ECG maishani mwake. Halafu ongeza kwamba artemetha-lumefantrini, dawa mseto yetu ya malaria, ina tahadhari ya QT kwenye kipeperushi chake, na siprofloksasini vile vile. Sina utafiti wa kuwaonyesha wa mtu aliyemeza zote tatu kwa pamoja. Nina busara ya kazi tu, na ndiyo inayonifanya nimwambie kila anayechukua dozi ya malaria: siku hizi tatu, enaji isikaribie. Wanacheka, wengine wanaona ninawabania raha.

Raha yenyewe huja Ijumaa ya karatasi ya mwisho, Konyagi ikimiminwa ndani ya enaji. Wamarekani walikwisha pitia huko. Oktoba 2010 wanafunzi 9 wa Central Washington University walikimbizwa hospitali baada ya sherehe moja, na kilichokuwa mezani kilikuwa Four Loko, kopo kubwa lenye pombe na kafeini pamoja. Mwezi uliofuata mamlaka yao ya chakula na dawa iliwaandikia onyo watengenezaji wanne wa vinywaji vya aina hiyo, na kafeini ikaondolewa. Sababu si ngumu. Pombe ina kinga yake ya asili: inakulaza kabla hujaimaliza. Kafeini inakuamsha uendelee kunywa, bila kupunguza hata tone la ulevi. Aliyekwisha lewa anajiona mzima, anaomba ufunguo wa pikipiki. Kwetu kopo la namna ile halihitajiki, kila meza inalichanganya yenyewe.

Sheria hazitatusaidia sana hapa. Lithuania ilizuia kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, Latvia ikafuata 2016, Poland mwaka 2024. Zote zinalinda watoto, na mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima mwenye kitambulisho cha taifa. Kwetu tangu 2019 usalama wa chakula uko Shirika la Viwango, TBS, na dawa ziko Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Panadol Extra yenye miligramu 65 za kafeini iko upande mmoja, ina kipeperushi, ina dozi, ina onyo la vingapi kwa siku. Chupa yenye zaidi ya hizo iko upande wa pili, pamoja na juisi na maji. Sitaki enaji ihamishiwe kwenye duka la dawa, ningechekwa. Nataka jambo dogo: jumla ya kafeini ya chupa nzima, iandikwe kwa tarakimu kubwa mbele, mahali palipo na picha ya radi.

Binti wa uhasibu sikumpa Panadol Extra. Nilimpa parasetamoli ya kawaida, nikamwambia anywe kikombe cha chai asubuhi na kimoja mchana kwa siku tatu, kisha kimoja, kisha aone, maana kafeini hupunguzwa kwa ngazi kama dawa nyingine zinazozoeleka. Hakupendezwa sana. Alitaka malaria, malaria ina dozi ya siku tatu na watu wanakuonea huruma.

Alirudi mwezi uliofuata, karibu na mitihani ya sapu. Safari hii hakuumwa. "Shikamoo, Dokta." Marahaba. Akatoa kwenye mkoba chupa tupu ya plastiki na kuiweka dirishani, lebo ikinielekea, amepigia mstari namba moja kwa kalamu nyekundu.

"Hapa wameandika kwa mililita mia," akasema. "Mimi nilikuwa nasoma kama ndiyo chupa nzima. Muhula uliopita wote nilijihesabia theluthi."

Nikamuuliza sasa anakunywa ngapi.

"Moja. Saa sita mchana, nikishakula." Akaichukua chupa yake, akasita. "Lakini yule ninayebebana naye bado ananywa nne, na yuko kwenye siprofloksasini tangu jana. Nimwambieje?"